Tandiko la mbwa: namna ya kulishona ili liweze kufuliwa

Mbwa anayelinda boma usiku hulala anapopata: kwenye jivu la jikoni, uvunguni mwa ghala, au juu ya gunia kuukuu lililotupwa kibarazani. Gunia hilo likikaa miezi bila kuguswa hugeuka kiota cha viroboto. Kutoka hapo viroboto huingia ndani ya nyumba na kung'ata watoto. Na mbwa jike akizalia juu yake, watoto wake wanaweza kufa mmoja baada ya mwingine huku mwenye mbwa akidhani ni baridi tu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kushona tandiko laini la mbwa kwa mkono au kwa cherehani, kwa kutumia vitambaa vilivyopo nyumbani. Tandiko lenyewe lina sehemu mbili: mfuko wa ndani wenye vijazio, na foronya ya nje inayovuliwa na kufuliwa. Foronya hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Tandiko lisiloweza kufuliwa ni afadhali lisiwepo.

Kwa ufupi

- Pima mbwa wako kwanza. Kwa mbwa wa kienyeji wa umbo la kawaida, tandiko la sentimita 90 kwa 60 linatosha.
- Shona mfuko wa ndani na foronya ya nje. Usizishone pamoja.
- Weka tandiko juu ya kichanja kifupi, mahali pakavu pasipo na upepo.
- Vua foronya kila wiki, uiloweke kwenye maji ya moto, uifue kwa sabuni na kuianika juani.
- Usinyunyizie tandiko dawa ya shambani.

Kwa nini mbwa alale juu ya kitu laini

Mbwa wetu wengi wana manyoya mafupi. Sakafu ya saruji na udongo wenye unyevu hunyonya joto la mwili usiku kucha. Wakazi wa nyanda za juu, kama Njombe, Makete na Lushoto kwa Tanzania, au Limuru na Nyandarua kwa Kenya, wanaijua baridi ya Juni na Julai. Mbwa mzee, mbwa aliyekonda na mbwa mwenye watoto ndio wanaoumia zaidi.

Sababu ya pili ni vidonda. Mbwa akilala kwenye sakafu ngumu kila siku, ngozi ya viwiko huota sugu na kupoteza manyoya. Sugu hiyo ikipasuka huwa kidonda, nzi huja kutaga, na kidonda kinachukua muda mrefu kupona. Sentimita chache za kitu laini chini ya kiwiko huzuia hali hiyo.

Viroboto wanazaliana wapi

Watu wengi huamini kwamba viroboto wote wako mwilini mwa mbwa. Ukweli ni kwamba wale unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu. Kiroboto mkubwa hunyonya damu ya mbwa na kutaga humohumo, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku. Lakini mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Mbwa akijikuna, akijikung'uta au akijigeuza, yanadondoka. Kwa kuwa mbwa hukaa saa nyingi palepale anapolala, mayai mengi huishia kwenye tandiko na kwenye vumbi lililo chini yake.

Katika joto letu, mayai huanguliwa baada ya siku chache. Hutoka mabuu wembamba, weupe, wasiopenda mwanga. Hujificha kwenye mikunjo ya kitambaa na kula vinyesi vya viroboto wakubwa, ambavyo kwa kweli ni damu iliyokauka. Kisha kila buu hujifungia ndani ya kifuko kidogo chenye kunata. Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, mpaka ahisi mtikisiko na joto la mnyama au mtu aliyekaribia. Ndiyo maana mtu anayeingia kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu hushambuliwa miguuni mara tu anapokanyaga sakafu.

Kwa hiyo ukimwogesha mbwa kwa dawa na kuacha tandiko kama lilivyo, wiki mbili baadaye viroboto wamerudi. Watu husema dawa ni feki, kumbe mayai na vifuko vilikuwa vimebaki kwenye gunia.

Kuna kipimo rahisi. Chukua kitambaa cheupe au karatasi nyeupe, iloweshe kidogo, kisha ibonyeze juu ya tandiko mahali penye punje nyeusi kama unga wa pilipili manga. Punje zikiacha alama nyekundu au ya kutu, hiyo ni damu. Una viroboto. Zikibaki nyeusi au kahawia, ni udongo tu.

Funza, ambao wengine huwaita tekenya, ni ndugu wa kiroboto. Mabuu yao hukulia kwenye vumbi na mchanga mkavu, na mbwa, nguruwe na panya husaidia kuwaeneza. Kufua tandiko peke yake hakuwamalizi funza. Lazima pia sakafu iliyo chini ifagiliwe, inyunyiziwe maji isitoe vumbi, na nyufa zizibwe. Kagua pia nyayo za mbwa, katikati ya vidole.

Vitambaa vinavyofaa

Kwa foronya ya nje chagua kitambaa kizito kinachovumilia maji ya moto na kucha za mbwa: jinzi kuukuu, shuka nzito la pamba, suruali za khaki, au sare za shule zilizochakaa. Miguu ya suruali mbili au tatu za jinzi ikifumuliwa na kuunganishwa hutoa kitambaa imara kabisa. Fua kitambaa kabla ya kukata. Pamba hupungua ikifuliwa, na foronya iliyokatwa kabla ya kufuliwa inaweza kukataa kuingia baadaye.

Kwa mfuko wa ndani unaweza kutumia kitenge kilichochujuka, shuka, au gunia la katani lililofuliwa vizuri.

Usitumie vitu hivi:

- Kiroba au sandarusi kama kitambaa cha juu. Haipitishi hewa, na nyuzi zake zikichanika mbwa huzimeza. Inafaa tu chini ya tandiko kuzuia unyevu.
- Gunia lililobeba mbolea ya chumvichumvi au mbegu zilizopakwa dawa. Mbwa hulamba anapolala.
- Chandarua. Kucha za mbwa hunasa, na watoto wa mbwa hujinyonga miguu kwenye matundu.

Vijazio

Kila eneo lina chake.

Mabaki ya nguo ndiyo bora kwa watu wengi, kwa sababu nayo yanafulika. Kata vifungo, zipu na mipira ya kiuno kwanza. Usiyakunjekunje kama mipira. Yapange yalale bapa, tabaka juu ya tabaka, ili tandiko lisiwe na vinundu.

Sufi, kwa wanaoishi karibu na misufi, ni laini, nyepesi na haishiki maji haraka. Ndiyo iliyojaza magodoro na mito ya pwani kwa vizazi vingi. Ila sufi haifuliki vizuri, kwani hushikamana. Ianike juani mara kwa mara, na ikilowa mkojo ibadilishe.

Nyasi kavu na maganda makavu ya mahindi hayana gharama. Yachukulie kama kitu cha kutupwa: yabadilishe kila baada ya wiki mbili na uyachome yale ya zamani. Hakikisha hayana punje za mahindi, kwa sababu punje huita panya. Yenye ukungu yaache kabisa.

Sponji ya godoro kuukuu ni laini lakini hukauka polepole, na mbwa mtafunaji huimeza vipande. Itumie kwa mbwa mzima mtulivu tu, ikiwa kipande kimoja kizima.

Kupima na kukata

Subiri mbwa alale amejinyoosha. Pima kutoka puani hadi shina la mkia, kisha ongeza sentimita 20. Huo ni urefu. Kwa upana, pima kutoka mgongoni hadi ncha za miguu akiwa amejikunja kidogo. Vipimo vifuatavyo ni vya tandiko la sentimita 90 kwa 60. Kama mbwa wako ni mkubwa au mdogo, ongeza au punguza kwa uwiano.

Kata vipande hivi:

- Mfuko wa ndani: vipande 2 vya sentimita 94 kwa 64.
- Foronya, upande wa juu: kipande 1 cha sentimita 94 kwa 64.
- Foronya, upande wa chini: vipande 2, kila kimoja sentimita 61 kwa 64.

Zile sentimita 4 zilizozidi kwenye urefu na upana ni za mshono, 2 kila upande. Vipande viwili vya chini vitapandana katikati kwa sentimita 20, kama foronya ya mto, kwa hiyo hutahitaji zipu wala vifungo. Zipu hutafunwa na vifungo humezwa.

Vifaa vingine ni mkasi, uzi imara, sindano ya kawaida, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Kama huna futi ya fundi, tumia kamba iliyowekwa alama kwa rula ya mwanafunzi.

Kushona mfuko wa ndani

1. Weka vipande viwili pamoja, pande nzuri zikitazamana. Piga bandi kuzunguka ili visiteleze.

2. Shona pande zote, sentimita 2 kutoka ukingoni. Acha nafasi ya sentimita 30 upande mmoja mfupi. Ukishona kwa mkono, kila hatua moja mbele irudishe sindano nusu hatua nyuma. Mshono huo hauachii hata uzi ukikatika mahali pamoja.

3. Punguza pembe nne kwa mkasi bila kugusa uzi, kisha geuza mfuko.

4. Jaza mpaka unene ufike sentimita 8 hadi 10. Anza na pembe. Kandamiza kwa kiganja: ukihisi sakafu, ongeza. Ukishindwa kubonyeza, umezidisha, na mbwa atakuwa anateleza kutoka juu yake.

5. Ziba nafasi kwa mishono mirefu ya mkono. Hii ndiyo utakayoifumua kila unapotaka kutoa vijazio, kwa hiyo usiibane sana.

6. Kwa shazia na uzi mnene, pitisha uzi kutoka juu hadi chini na kurudi, kisha kaza fundo. Fanya hivyo sehemu sita, safu mbili za tatu-tatu, kama magodoro ya zamani. Vijazio havitakimbilia upande mmoja. Ukitaka kufua vijazio, unakata nyuzi hizo sita na kuzifunga upya baadaye.

Kushona foronya

1. Chukua vile vipande viwili vya chini. Kwenye kila kimoja, chagua ukingo mmoja wa sentimita 64. Ukunje sentimita 2, ukunje tena sentimita 2, kisha ushone pindo.

2. Tandaza kipande cha juu, upande mzuri ukikutazama. Weka kipande kimoja cha chini juu yake, upande mzuri ukitazama chini, kikilingana na mwisho mmoja. Weka cha pili kikilingana na mwisho wa pili. Pindo zote mbili zitakuwa katikati, zikipandana.

3. Shona kuzunguka pande zote nne, sentimita 2 kutoka ukingoni. Pale pindo zinapopandana, pitisha mshono mara mbili, kwa sababu hapo ndipo panapovutwa.

4. Punguza pembe, geuza, ingiza mfuko wa ndani. Upande wenye mpandano ukae chini ili mbwa asiuchimbue.

Ukiweza, shona foronya mbili. Moja ikiwa kambani, nyingine iko kitandani, na mbwa hatalala chini siku ya kufua.

Mahali pa kuweka

Tandiko zuri likiwekwa kwenye udongo wenye unyevu litaoza ndani ya msimu mmoja wa masika. Tengeneza kichanja kifupi cha fito au mbao, kimo cha sentimita 10 hadi 15. Hewa ipite chini, na ufagio ufike. Tandika kiroba juu ya kichanja, kisha tandiko.

Chagua mahali penye paa, pasipopigwa na upepo wa usiku, na ambapo mbwa anaona lango. Mbwa mlinzi asiyeona lango hatalala hapo hata umtandikie zulia. Siku za kwanza weka juu yake kitambaa alichokizoea.

Mbwa jike anayekaribia kuzaa

Hapa ndipo tandiko linapookoa au kuua.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Andaa mahali pake wiki moja au mbili kabla, ili apazoee. Watoto wa mbwa wanapozaliwa hawaoni na hawawezi kujitunzia joto la mwili kwa wiki mbili hivi za mwanzo. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika kipindi hicho joto lao linatoka kwa mama na kwa tandiko.

Kwa kazi hii tandiko liwe bapa na gumu kidogo, lisilo na bonde la watoto kufukiwa mama anapolala. Lizungushie ubao wa kimo cha sentimita 15, wenye mlango mfupi mama apite bila kuburuza chuchu. Juu ya foronya tandaza kipande cha kanga au shuka kisicho na nyuzi zinazoning'inia, na ukibadilishe kila siku.

Tazama namna watoto wanavyolala. Wakirundikana na kulia, wana baridi. Wakitawanyika wakihema, wana joto. Wakilala karibu-karibu bila kelele, wako sawa.

Kukiwa na baridi kali, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa kinene, uiweke pembeni mwa tandiko ili watoto waweze kuisogelea au kuikwepa. Usiweke jiko la mkaa ndani ya banda au stoo iliyofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, nayo huua mbwa na watu.

Jambo la pili ni damu. Mtoto wa mbwa ana damu kidogo sana. Viroboto wengi wanaweza kumnyonya mpaka afe. Kwanza huwa mlegevu, hanyonyi vizuri, na ulimi na ufizi wake hupauka badala ya kuwa na rangi ya waridi. Hapo watu husema amepigwa na baridi. Dawa nyingi za viroboto hazifai kwa watoto wa umri huo, kwa hiyo silaha kubwa uliyonayo ni tandiko safi, kitana chenye meno madogo, na beseni la maji ya sabuni la kuwazamishia viroboto unaowatoa. Ukiona ufizi umepauka, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kufua

Kila wiki:

1. Vua foronya taratibu, ukiikunjia ndani, ili mayai yasimwagike sakafuni. Usiikung'utie mlangoni.

2. Iweke kwenye ndoo ya bati au sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mimina maji yaliyochemka mpaka ifunikwe. Acha dakika 15 au zaidi. Maji ya vuguvugu hayatoshi. Yanahitajika ya nyuzi joto 60 kwenda juu kuua mayai na mabuu.

3. Fua kwa sabuni ya kawaida, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa.

4. Wakati inakauka, anika mfuko wa ndani, ukiugeuza adhuhuri. Fagia chini ya kichanja na uchome takataka.

Beseni la mbwa liwe la mbwa peke yake, lisitumike kwa nguo za watu wala vyombo. Familia nyingi za Kiislamu tayari hutenganisha vyombo hivi kwa sababu ya twahara, na kiafya utaratibu huo unamfaa kila mtu.

Paka

Paka anayelinda ghala dhidi ya panya naye hubeba viroboto. Tandiko lake lishonwe kwa njia ileile, lakini dogo: sentimita 40 kwa 40, ndani ya boksi, juu ya rafu. Paka hupenda mahali pa juu na penye kuta. Angalizo moja kubwa: dawa ya mbwa yenye permethrini, jina linaloonekana kwenye makopo mengi, inaweza kumuua paka. Kama mbwa na paka wanalala pamoja, mweleze muuza dawa kabla ya kununua.

Maswali ya wasikilizaji wengi

Naweza kunyunyizia tandiko dawa ya kuua wadudu wa mahindi au mboga?
Hapana. Mbwa hulala juu yake, kisha hujilamba. Watoto wa nyumbani nao humshika. Tumia dawa zilizoandikwa kwamba ni za mbwa, kwa kipimo cha mtaalamu wa mifugo.

Majani ya mwarobaini yanasaidia?
Wengi huyaweka makavu chini ya tandiko. Hayana budi kuandamana na kufua. Yakiachwa peke yake hayatamaliza mayai wala vifuko.

Nimefua, lakini kupe bado wapo.
Kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa za ukuta na za mbao, si kwenye kitambaa tu. Siriba au ziba nyufa za banda, na umtibu mbwa mwenyewe.

Mbwa anachana tandiko.
Mbwa mchanga hutafuna. Mpe kwanza gunia la katani lililojazwa nyasi, lisilo na sponji wala nyuzi ndefu. Akitulia, mshonee la kudumu.

Mtoto ameng'atwa alipoingiza mkono kwenye tandiko la mbwa mwenye watoto.
Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na anaonekana mzima. Huenda akahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Na watoto wafundishwe mapema: mbwa akiwa kwenye tandiko lake, haguswi.